Kabla Arap Tonui Hajafunga Maneno

Jumatatu, 1 Julai 1957

Nimekamua Samo. Maziwa kidogo sana. Halafu akapiga ndoo teke, nusu ikaenda kwa nyasi. Nimemtukana mpaka Kogo akacheka huko ndani. Kogo ni mama ya baba, yeye ndiye amenilea. Anasema ng'ombe haina makosa, imekaa muda mrefu bila kupelekwa ng'enda. Nitaipeleka kesho.

Napenda ng'enda kuliko pahali pengine pote. Ule ukingo wa udongo mweupe kando ya mto, ng'ombe za mlima wote zinalamba chumvi hapo. Nilipokuwa mdogo tulikuwa tunaenda na Kiplangat, kaka yangu, kabla umande haujakauka. Ng'ombe nyingi, ndimi nyingi, zikilamba pamoja. Ile sauti. Kama watu wengi wanapaka ukuta kwa mikono. Sisi tulikuwa tunavunja kipande kidogo tunakula pia. Wanawake wenye mimba walikuwa wanakuja na vikapu. Hakuna mtu aliuliza huu ukingo ni wa nani.

Saa hizi kila mtu anapanda ua. Unatoka kwenda mtoni unakuta miiba pahali ulikuwa unapita jana.

Alhamisi, 4 Julai

Kiplangat amekuja nyumbani na shati mpya. Yeye ni mkalimani wa Bwana Shamba, yule Mzungu wa kilimo. Ana habari. Sisi Waafrika wa huku pia tutapanda chai, si makampuni peke yao. Kwanza itatengenezwa nasari ya miche. Nikaruka. Nikamshika mkono. Chai! Nimeona vile mashamba makubwa yako kijani mpaka mwisho wa macho.

Halafu akasema pahali. Ile tambarare ya juu ya ng'enda. Maji iko karibu. Waya itazunguka yote, na njia ya ng'ombe itakatwa.

Nikauliza, na ng'ombe?

Akasema chumvi iko dukani.

Akasema pia yeye ndiye atakuwa nyapara wa nasari. Alisema akiangalia Kogo, kama mtoto ameleta samaki mkubwa. Kogo aliinuka. Alichukua kibuyu ya mursik, maziwa yetu ya mgando, akaanza kuitikisa, na maziwa ilikuwa imeshaiva zamani.

Nina hasira. Na nina furaha kwa ajili yake. Vyote viwili pamoja, kama uji na pilipili.

Jumamosi, 6 Julai

Soko Litein. Nimeuza mayai. Nimekaa na Mama Akinyi kama kawaida. Anauza omena na samaki kavu, bwana yake anafanya kazi kwa kiwanda ya chai. Yeye ndiye mwalimu wangu, ingawa hajui kusoma. Samaki yake anafunga kwa magazeti ya zamani, na mimi nilijifunza kusoma kwa hayo magazeti, herufi kwa herufi, na mafuta ya samaki juu yake. Ndio maana naandika Kiswahili. Lugha ya mama sijui kuiandika.

Nimemwambia habari ya nasari. Akasema, "Kwani nyinyi Wakipsigis hamna mdomo? Mnaongea mpaka jogoo anazeeka, halafu Mzungu akija mnaangalia miguu."

Nimechukia. Ni kweli.

Nimeamua. Nitazunguka nyumba zote za kokwet yetu. Kokwet ni majirani wa mlima mmoja, wanaolima pamoja na kutengeneza maneno pamoja. Sisi hatukatai chai. Tunataka chai na tunataka ng'enda. Iko tambarare nyingine ng'ambo ya mto, pale majani ya kuezekea yanaota. Haina mtu. Wapeleke nasari huko.

Rahisi hivyo! Kwa nini hakuna mtu amesema?

Jumanne, 9 Julai

Miguu inauma. Nyumba nyingi. Naingia kwa wanawake, maana msichana hawezi kusimama mbele ya wazee aseme njooni niwafundishe. Nasema na mama, mama anasema na mzee usiku, asubuhi mzee anasema ni mawazo yake. Sawa. Sitaki sifa. Kidogo tu nataka.

Bot Chebet, jirani wa chini, ana mimba kubwa. Ameshika tumbo akaniambia, "Wakifunga ng'enda, huyu atazaliwa akiwa na hasira kama Samo." Tumecheka mpaka akakaa chini.

Kila nyumba ina hadithi yake. Huyu aliposwa njiani akitoka ng'enda. Yule alipoteza fahali huko akaipata imenenepa. Nilidhani mimi peke yangu ndiye nakumbuka. Kumbe mlima wote.

Ijumaa, 12 Julai

Kokwet imekaa leo. Wanaume kwa nyasi, sisi wanawake nyuma, karibu ya kusikia. Vile ilivyo kila siku. Vijana wanasema kwanza. Halafu wenye watoto. Halafu wazee. Yule mkubwa kuliko wote anasema mwisho, anakusanya maneno yote, anabariki, watu wanaitikia pamoja. Hapo ndipo imekwisha. Kabla ya hapo hakuna kitu imekatwa, hata mkae siku tatu.

Mkubwa wetu ni arap Tonui. Mzee mrefu, anapenda kusema, anapenda zaidi kusikilizwa. Akianza habari ya njia ataanza na ng'ombe ya babu yake. Lakini akifunga neno, limefungwa.

Wamekubali! Wote! Chai ndiyo, ng'enda ibaki, nasari iende ng'ambo. Arap Tonui atasema mbele ya Bwana D.O., afisa wa wilaya, siku atakapokuja kufanya baraza ya nasari.

Mimi nilimtuma Kogo na neno moja. Kwamba siku ya baraza watu wasipige kelele. Ile mara ingine walipiga kelele, D.O. wa zamani akapanda gari akaenda. Mara hii twende kwa utaratibu wetu. Kila mtu angoje mzee. Wazee wamependa sana hiyo neno. Wamesema nani amefikiria? Kogo akasema, ng'ombe.

Sijui nitalala namna gani.

Jumapili, 14 Julai

Kiplangat amejua. Amesimama mlangoni hata kofia hajatoa. "Unaenda nyumba kwa nyumba kama mtu wa siasa. Mkutano bila ruhusa ni kesi siku hizi, unajua? Watakufunga wewe, na mimi watanifukuza."

Nikasema kuongea na Bot Chebet juu ya tumbo lake si mkutano.

Akasema hataki niendelee. Nikasema shati yake imempanda kichwani. Kogo akasema nyamazeni, mnaharibu maziwa.

Ameenda bila kula. Hajawahi kuenda bila kula.

Ijumaa, 19 Julai

Baraza.

Nataka kuandika yote sasa hivi.

Watu walijaa. Hata kutoka Merigi walikuwako wachache, wamekuja kuona habari ya chai. Bwana D.O. ni mpya, kijana, uso mwekundu kwa jua. Bwana Shamba kando yake. Chifu na fimbo yake. Kiplangat katikati, anatafsiri.

D.O. alisema kwa Kiswahili ya haraka. Chai ni nzuri, nasari itakuwa pale juu ya ng'enda. Kiplangat akageuza Kikipsigis, neno kwa neno. Halafu D.O. akasema, "Anayekataa anyooshe mkono."

Kimya.

Hakuna mkono hata mmoja.

Kwa sababu nani atanyoosha mkono kabla ya arap Tonui? Ni matusi. Ni kama kuchukua nyama mbele ya baba mkwe. Na arap Tonui mwenyewe alikuwa amekaa ametulia, ameegemea fimbo, anangoja vijana waanze. Na vijana wakangoja, kwa sababu waliambiwa na mimi wasipige kelele. Na kwetu kukaa kimya si kukubali. Kukaa kimya ni kusema bado.

D.O. akaangalia huku, akaangalia kule. Akacheka kwa furaha. "Vizuri sana. Wote mmekubali." Akapiga makofi! Akasimama. Gari ikalia.

Chifu ni mtu wetu. Anajua. Aliangalia ardhi.

Kiplangat anajua. Aliangalia mimi.

Arap Tonui alibaki amekaa pale, mdomo wazi kidogo. Neno lake lilikuwa limekaa ndani yake tangu asubuhi.

Jumamosi, 20 Julai

Mjinga. Mimi.

Utaratibu. Nilijivunia utaratibu.

Sikuenda soko.

Jumatatu, 22 Julai

Nilimvizia Kiplangat njiani. Nikamwambia, ulijua. Akasema alitafsiri kila neno. Nikasema neno ulitafsiri, kimya hukutafsiri.

 Akasema, "Nani hutafsiri kimya?" Alisema polepole, kama kweli anauliza.

Nilikuwa nimetayarisha maneno mengine makali. Yakanishinda. Nimekumbuka alivyonibeba mgongoni kuvuka mto, mwaka ule maji ilijaa. Aliniambia nifumbe macho, nisione maji inaenda. Nikafumba. Nilikuwa namwamini hivyo.

Jumamosi, 27 Julai

Chifu ametangaza. Jumatano kila nyumba itoe watu kwenda nasari, na panga. Kukata majani ya kutilia miche kivuli, kuchimba mashimo ya waya. Asiyekuja atashitakiwa.

Nimeenda soko, uso umevimba. Nimemwambia Mama Akinyi kila kitu. Alicheka! Nikataka kumpiga na samaki. Halafu akafuta macho akasema, "Mtoto yangu, huku kwetu kambini kwa kampuni ya chai wanaume wakitaka kitu hawapigi kelele. Kelele inaleta askari. Wanaenda kazini vizuri, kila mtu na kikapu yake, wanakaa chini. Nyapara anauliza, mnakataa? Wanasema hapana, bwana, tunapumzika."

Nikasema hiyo ni kazi ya kampuni, sisi ni wanakijiji.

Akasema, "Chifu amewaita au hajawaita?"

Amewaita.

Amewaita! Mlima wote, pahali pamoja, na ruhusa yake mwenyewe!

Nimekimbia njia yote. Nimesahau kikapu.

Jumatatu, 29 Julai

Nimeenda na Kogo kwa arap Tonui. Tangu baraza hajatoka nje ya boma. Watu walisema ni mgonjwa. Si mgonjwa. Amenuna.

Kogo akamwambia watu wanasema maneno ya ng'enda yamekwisha.

Mzee akainuka kama kijana. "Yamekwisha? Nani aliyafunga? Mimi sijafunga! Mimi bado niko kwa kile kikao. Nimekuja nyumbani kulala tu."

Nimeuma kitambaa nisicheke. Halafu sikutaka kucheka tena. Ni kweli anavyosema. Kwa desturi yetu kile kikao hakijaisha. Hakuna mtu alibariki. Yule D.O. alitoka katikati, kama mtu anayetoka nje kukojoa.

Leo na kesho nazunguka tena. Neno moja tu. Jumatano njooni wote, na panga, mkae pale nyasini, kwa mpango ule ule. Msikatae. Ngojeni mzee.

Naogopa. Wakishika watu watashika watu wazima, wenye watoto, kwa ajili ya msichana aliyejifunza kusoma kwa karatasi ya samaki. Na Kiplangat atakuwa hapo mbele.

Jumatano, 31 Julai

Walikuja. Hakuna nyumba ilikosa. Hata Bot Chebet na tumbo lake.

Panga ziliwekwa chini, safi, zimenolewa. Vijana mbele, wazee nyuma yao, sisi pembeni. Tukakaa juu ya njia ya ng'ombe pale pale.

Chifu akasema, "Kazi!" Mtu mmoja akajibu kwa heshima, "Ndiyo, chifu, kazi tumekuja. Tunangoja mzee afunge maneno, tuanze." Chifu akapiga kelele. Akajibiwa "ndiyo, chifu" mara nyingi. Hakuna mtu alikataa. Hakuna mtu aliinuka. Bwana Shamba akafika na gari. Aliona panga na watu wengi wamekaa, uso ukabadilika. Hizi siku Wazungu wakiona panga wanafikiria vita vya msituni.  Halafu Bot Chebet akaanza kumenya viazi vyake kwa panga, taratibu, na Bwana Shamba akapumua.

Vijana wakasema, mmoja mmoja. Wenye watoto wakasema. Jua likapanda. Arap Tonui akasimama.

Alianza na ng'ombe ya babu yake.

Kiplangat alikuwa anageuza kwa Kiswahili, kwa sababu Bwana Shamba anajua Kiswahili tu, Kikipsigis hapana. Kwa hiyo nilisikia yote mara mbili. Mzee alitaja watu waliokanyaga ile njia kwanza. Alitaja ukame, na ng'ombe zilizopona kwa hii chumvi, na rangi zake. Kiplangat hakuruka hata rangi. Bwana Shamba akaangalia saa. Akakaa juu ya ndoo.

Halafu mzee akanyoosha fimbo kwa kaka yangu. Akasema, na mama ya huyu kijana mwenye kofia alikula huu udongo akiwa na mimba yake, baba yake akamletea kwa kiganja.

Mkono wa Kiplangat ukaenda kwa kofia.

Mama yetu hatuongei habari yake. Alikufa mimi sijatembea.

Angeweza kuruka. Mzungu asingejua. Chifu alikuwa anamwangalia kwa macho ya onyo. Akavua kofia, sijui kwa nini, labda jasho. Hakusema "huyu kijana". Alisema, "Mama yangu alikula huu udongo akiwa na mimba yangu."

Sauti yake ilikuwa ile ya zamani. Ya mtoni.

Bwana Shamba akamuuliza, "Hawa watu walikubali kwa baraza, ama hawakukubali?"

Akasema, "Hawakukubali, bwana. Walikuwa wananyamaza. Kwetu hiyo ni bado. Nilijua, sikusema."

Bwana Shamba akauliza wanataka nini sasa. Kiplangat akaonyesha ng'ambo. Akasema ni tambarare pia, na maji iko, alienda kuikanyaga mwenyewe Jumapili, pembe kwa pembe.

Jumapili! Na hakuniambia!

Bwana Shamba akashuka akavuka mto na viatu vyake. Alikaa huko muda. Aliporudi alikuwa na matope mpaka magoti. Akasema ni mbali kidogo na barabara, watu watabeba waya wenyewe. Watabeba? Kiplangat akageuza.  Arap Tonui alinyoosha mikono akabariki, sisi wote tukaitikia pamoja mpaka ng'ombe zikainua vichwa.

Halafu kila mtu akachukua panga akaenda ng'ambo kufanya kazi.

Nimelia kidogo nikijifanya moshi. Hakukuwa na moto.

Ijumaa, 2 Agosti

Nyapara wa nasari ni mpwa wa chifu.

Chifu amesema Kiplangat ni mtu wa midomo miwili, hawezi kupewa watu. Bwana Shamba amemwacha abaki mkalimani, lakini unyapara hapana. Ameniambia akikata kuni, bila kuniangalia. Nikasema samahani. Akasema, "Lete shoka ile nyingine, hii ni butu."

Amekula sahani mbili.

Bot Chebet amezaa, msichana. Anasema mtoto hana hasira hata kidogo.

Jumapili, 1 Septemba

Nimepeleka Samo ng'enda asubuhi. Nilitegemea kukuta ng'ombe nyingi, kama zamani. Zilikuwa nne, na ya tano yetu. Watoto wako ng'ambo siku hizi, wanabeba maji ya miche, wanalipwa. Arap Tonui mwenyewe amenunua chumvi ya duka, anasema miguu imechoka. Waya ya nasari inaonekana vizuri kutoka hapa. Ndani majani ya kivuli yamepangwa safu kwa safu. Ni nzuri. Nilitaka isiwe nzuri.

Njia imebaki. Pana, ya kutosha ng'ombe mbili. Ua umeshapandwa huku na huku.

Kiplangat akaja nyuma yangu na ndama, sikumwita. Tukakaa. Akavunja kipande ya udongo akala, akatafuna muda mrefu.

Akasema zamani ilikuwa na chumvi zaidi.

Nikamwambia ni ile ile. Akanikatia kipande. Nikala.

Zile ng'ombe nne zikaenda, Samo akalamba mpaka jua likafika ng'ambo. Ulimi mmoja hausikiki mbali. Tulikaa karibu.